Sauti Isiyovuka Minyaa

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya misa ya kumaliza msiba wa Mzee Mugeta, amplifaya yake iliwashwa kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Ilitolewa chumbani ikawekwa barazani, nyumbani kwake Nyegina, na binti yake Debora akachomeka gitaa. Taa ndogo nyekundu iliwaka. Valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa zikitumika kwenye redio za zamani, zilipata moto polepole. Debora akapiga uzi mmoja.

Sauti ilitoka ndogo, kama ya redio iliyoachwa chumba cha pili.

Alizungusha kitufe mpaka mwisho. Sauti ilipanda kidogo, ikakomea hapo. Haikukwaruza wala kukatika. Ilikuwa safi, ila ndogo.

"Hiyo siyo yenyewe," alisema Benjamini, mdogo wake marehemu. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza na kikombe cha uji mkononi. "Hii kitu ilikuwaga inasikika mpaka misheni. Debora, tumeibiwa."

"Tumeibiwa nini, baba mdogo? Si hii hapa?"

"Wameacha sanduku, wamechukua roho. Wametoa valvu nzima wakaweka mbovu. Na aliyefanya hivyo namjua. Ni Hamduni wa Bunda. Si alikuwa anaitaka siku zote? Si alikuja hapa kaka akiwa kitandani, akabaki naye peke yake?"

Pembeni yao Dorotea, mjane wa marehemu, alikuwa anachagua mchele wa wageni wa kesho. Hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo.

Mzee Mugeta alikuwa fundi redio mjini Musoma miaka mingi, na jioni alikuwa mpiga gitaa. Amplifaya ile aliitengeneza kwa mkono, Debora akiwa bado shule ya msingi. Sanduku lilikuwa la mvule. Hata transfoma alizisuka mwenyewe: yeye akizungusha mpini, Dorotea akiongoza waya na kuhesabu mizunguko kwa sauti, kwa Kikwaya, lugha ya kwao, kisha akifunga ncha kwa uzi uliopakwa nta. Debora alilala akisikia kuhesabu huko usiku mwingi wa utoto wake. Baadaye alijifunza kazi ile ile, na sasa meza ya baba yake mjini ilikuwa yake.

Lakini si wizi uliomkosesha raha asubuhi ile. Alikumbuka simu. Baada ya kiharusi kumpiga na mkono wa kushoto kulegea, baba yake alimpigia akamwambia, "Amplifaya imepungua sauti. Naitafuta, nitaipata tu." Walipozungumza tena, Debora alimuuliza kama ameipata. Mzee alicheka kidogo. "Iache tu, mama. Kwa hapa nyumbani inatosha."

Maishani mwake Mzee Mugeta hakuwahi kusema "iache tu" juu ya kitu kilichoharibika. Debora alilielewa neno lile kwa namna moja: baba yake alitafuta, akashindwa, akakata tamaa. Na muda si mrefu akafa.

"Kesho nitasema mbele ya watu," Benjamini aliendelea. "Hamduni atakuja kukaa msibani kama mtu mwema, na mimi nitasimama nimtaje."

"Nipe leo tu, baba mdogo. Kesho ukisimama, usimame na jambo la kweli."

Alichomoa waya wa umeme, akasubiri, akaitoa mashine kwenye sanduku na kuilaza chali juu ya meza. Kisha akauwasha tena umeme na kutia mkono wake wa kushoto mfukoni. Ndivyo alivyofundishwa. Umeme wa mashine ya valvu unaua, na mkono ulioko mfukoni hauwezi kuukaribisha moyoni.

Ndani kulikuwa safi. Kila kiungo kilichochomelewa kwa risasi kilikuwa na nukta ya rangi ya kucha, alama ya baba yake: akishakikagua kiungo na kuridhika, alikitia nukta, na akishatia nukta hakirudii. Nyingi zilikuwa nyekundu iliyoiva, ile rangi iitwayo damu ya mzee, zimefifia. Nyingine, upande wa spika na katikati, zilikuwa za waridi, mbichi zaidi, zimetiwa kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. Debora alidhani chupa ya kwanza ya rangi ilikuwa imekauka.

Akaangalia valvu. Kila moja ilikuwa na nukta ya zamani kitakoni.

"Hazijabadilishwa," alisema.

"Nukta mtu yeyote anaweza kuweka."

Akapima umeme sehemu moja baada ya nyingine. Mita ilitoa namba zile zile alizozijua tangu akiwa mwanafunzi wa baba yake. Kwa mujibu wa mita, mashine ilikuwa nzima.

"Twende Bunda," alisema Debora. "Kama valvu ni mbovu, Hamduni ndiye mwenye nyingine za kuzijaribia."

Benjamini alikuwa tayari na funguo za gari mkononi.

*

Duka la Hamduni lilikuwa Kabasa, mjini Bunda, limejaa spika, nyuzi za gitaa na redio zilizokufa zamani. Mwenyewe alikuwa mzee mnene, mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa waya. Alipoona amplifaya ikishushwa, alisimama.

"Pole tena na msiba, mwanangu. Mbona mmeileta huku? Si inapigwa kesho?"

"Imepungua sauti, mzee," Debora alijibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Na huyu ndugu yangu Benjamini, mbona ananiangalia hivyo kama nimemkanyaga?"

"Wewe uliitaka mashine ya kaka yangu," Benjamini alisema. "Kataa."

"Nikatae nini? Niliitaka miaka yote. Kila nikionana naye nilimwambia, Mugeta, nipe hii, uchukue duka. Akacheka, nikacheka. Niliitaka kwa mdomo, sikuitaka kwa mkono."

"Na siku ile mlipobaki chumbani wawili?"

Hamduni alivua miwani akaifuta kwa kanzu. "Siku ile alinituma rangi ya kucha. Aliniambia ya kwake imeisha na ana kazi anaitafuta ndani ya mashine. Nikamwambia, mzee mzima unajipaka kucha? Akacheka mpaka akakohoa. Nilizunguka Kabasa yote, nikapata ya waridi tu, nikampelekea kesho yake. Hicho ndicho nilichoingiza mle chumbani. Sikutoa kitu."

Debora aliyaweka maneno hayo moyoni. Kwa hiyo nukta za waridi zilitiwa baada ya sauti kupungua.

Hamduni alitoa valvu zake, bado zimo kwenye makasha. Debora akabadilisha moja moja, kila mara akipiga gitaa. Hakuna kilichobadilika.

"Umesikia?" Hamduni alimuuliza Benjamini. "Valvu za mfu na valvu za duka, sauti moja. Sasa mwizi aliiba nini?"

Benjamini alivuta kiti akakaa.

Debora aliamua kuifuata sauti yenyewe. Katika mashine ile sauti ya gitaa hupita hatua kwa hatua: inaingia kwenye valvu ndogo, ambayo ndani yake ina vyumba viwili, na kila chumba huikuza, kisha inakwenda kwa valvu kubwa, na mwisho kwenye spika. Alichomeka simu ikitoa mlio mmoja usiobadilika, akapima mlio huo kila ulipotoka. Valvu kubwa zilifanya kazi yake. Chumba cha pili cha valvu ndogo kilikuza nusu tu ya kawaida yake. Chumba cha kwanza vilevile.

"Viwili, kwa unyonge ule ule," alisema taratibu. "Hiyo si bahati mbaya."

Kila chumba kilikuwa na kapasita yake pembeni, kikopo kidogo chenye miguu miwili. Kikopo hicho ndicho kinachoiachia valvu nguvu yake yote. Mguu wake mmoja ukiinuliwa, valvu haifi, na mita ya umeme haioni tofauti. Inapiga tu kwa sauti ya chini. Debora alichukua kapasita nzima kutoka kwenye mfuko wake, akaigusisha juu ya ile ya kwanza.

Mlio uliruka. Makopo kwenye rafu ya Hamduni yakalia, na mtu aliyekuwa akipita nje akageuka.

"Hiyo ndiyo yenyewe!" Benjamini alisimama. "Hiyo ndiyo sauti ya kaka!"

Debora aliizima mashine akainama karibu, kurunzi mkononi. Mguu wa kila kapasita ulikuwa umeinuliwa kwenye kiungo chake, umevishwa kipande cha mpira mweusi ili usiguse kitu, kisha umelazwa pale pale ulipokuwa, ukafungwa kwa uzi. Kwa juu ungedhani umeshika. Uzi ulikuwa na nta. Debora aliukodolea macho muda mrefu.

"Umeona? Mtu ameingia humu!" alisema Benjamini.

"Mtu ameingia," alikubali Hamduni, ambaye naye alikuwa ameinama. "Lakini mharibifu angekata. Huyu amefunga vizuri, kama mtu anayefunga mtoto kidonda."

"Huu mpira ni wa baiskeli, ule wa kwenye pua ya tyubu," Benjamini alisema. "Na fundi baiskeli ni nani? Si Werema wa Mwitongo? Mpiga gitaa mwenzake! Alikuwa anamwonea wivu kaka tangu ujana."

"Asubuhi mwizi nilikuwa mimi," Hamduni alisema. "Mkienda hivi, jioni mtafika kwa askofu."

Benjamini alitaka kucheka, akajizuia. Debora hakusikia. Alikuwa anarudisha mashine kwenye sanduku, taratibu, bila kugusa vile vifundo.

*

Walifika Butiama mchana jua likiwa kali. Werema walimkuta Mwitongo, mbele ya nyumba yake, gurudumu la baiskeli mapajani. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu, na alipomwona Debora alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kumpa.

"Nimefanya mazoezi," alisema. "Kesho nitapiga zile alizokuwa anapenda. Zile polepole."

"Acha hayo," Benjamini alimkatiza. "Mpira huu ni wa nani?"

Alikuwa amepiga picha kwa simu. Werema aliisogeza simu mbali na macho, kisha akaisogeza karibu.

"Ni wangu. Ninaukataga hivyo, mshazari. Nilimpa shemeji Dorotea, siku nilipokwenda kumwona mzee. Nilikuwa na mfuko wangu wa kazi. Akaniomba kipande, akasema ana kitu anataka kukibana."

Benjamini aliitazama tena ile picha. Simu ilibaki mkononi mwake ikiwa na mwanga mpaka ikazima yenyewe.

"Siku hiyo baba alipiga gitaa?" aliuliza Debora.

Werema alilizungusha gurudumu kidogo.

"Alipiga."

"Alipigaje?"

"Mkono ulikuwa haumsikii tena, mwanangu. Kidole kinakwenda pengine, yeye anataka pengine. Anarudia, anakosea palepale. Mimi nilikuwa naangalia chini. Kule njiani, nje ya ua wa minyaa, kulikuwa na vijana wavuvi wa mialoni wamesimama." Akalishika gurudumu likasimama. "Sitaki kusema walichokuwa wanafanya."

Hakuna aliyemlazimisha.

Benjamini aliendesha gari hadi Makutano. Walipoingia barabara ya Musoma ndipo aliposema, "Debora, labda amekosea. Werema amezeeka."

"Ule uzi ni wa transfoma, baba mdogo. Na kifundo ni cha mama. Nilikijua tangu Bunda."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kiwe cha mtu mwingine."

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, Dorotea alikuwa nyuma ya nyumba anapara samaki aina ya sato. Debora alichukua kigoda akakaa mbele yake. Benjamini alibaki mlangoni, akiegemea mwimo, akitaka kuondoka na asiweze.

"Mama, tumeipata."

Kisu kiliendelea kupara. "Mmepata nini?"

"Mpira wa Werema. Uzi wenye nta. Vifundo viwili."

Dorotea aliweka kisu chini, akanawa mikono kwenye beseni, akaikausha kwenye khanga kidole kimoja kimoja.

"Nilijua utaifungua," alisema. "Nilitaka niitoe mwenyewe kabla hujafika, lakini kila nikifika mlangoni mwa chumba kile narudi."

"Kwa nini, mama?"

"Hukuwepo jioni zile. Alikuwa anakaa pale barazani anapiga wimbo mmoja, anakosea, anaanza upya. Sauti inakwenda mpaka barabarani. Vijana wanaotoka mwaloni wanasimama nje ya minyaa. Akikosea, wanamwiga kwa mdomo. Mmoja akasema, mzee amerudishwa chekechea. Walikuwa wanacheka, Debora. Watu ambao Mugeta ndiye aliyepiga gitaa kwenye harusi za baba zao."

"Baba aliwasikia?"

"Sijui. Mimi niliwasikia. Nilitoka nikawafukuza kwa mwiko, kesho wakarudi. Ningemwambia aache kupiga? Alikuwa amebakiwa na hiyo tu. Ningeiharibu mashine? Ningekuwa nimemuua." Alivuta pumzi. "Nilimshikia kurunzi miaka yote. Alikuwa anaongea na hivyo vikopo kama watoto. Hawa wawili, alikuwa akiniambia, ukiwafungua mguu mashine inaongea kwa adabu. Basi siku aliyopelekwa hospitali kufanyishwa mazoezi ya mkono, mimi nilibaki, nikaichomoa, nikawafungua. Sauti ikamtosha yeye na mimi. Haikuvuka tena minyaa."

"Akagundua."

"Siku hiyo hiyo. Akaniuliza, Doro, sauti imepungua? Nikamwambia..." Aliokota kisu, akakirudisha. "Nikamwambia, ni masikio yako. Ugonjwa umegusa masikio. Akaniangalia, akasema, na masikio tena? Halafu akaanza kutafuta. Kwa mkono mmoja. Kila siku anainama pale, mimi namletea chai, naona anatafuta kitu nilichokificha mimi. Kisha siku moja akaacha. Hakusema kitu. Nilimvunja, Debora. Mkono aliondolewa na ugonjwa. Masikio niliyaondoa mimi. Alikufa akijua hata kazi yake imemshinda."

Mlangoni, Benjamini alikuwa amegeuza uso ukutani.

Asubuhi Debora alikuwa ameomba siku moja tu ya kutafuta ukweli. Sasa alikuwa amempata mkosaji, na hakutaka kumshika. Ile "iache tu" ilirudi kichwani mwake, pamoja na kale kacheko. Aliisikiliza tena. Halafu akayakumbuka maneno ya Hamduni: ana kazi anaitafuta ndani ya mashine. Ya waridi tu.

Alisimama ghafla.

"Baba mdogo, nisaidie kuileta."

Waliilaza chali juu ya meza ya jikoni, waya wa umeme ukining'inia chini. Debora alishika kurunzi.

"Mama, njoo. Njoo ushike kama ulivyokuwa unamshikia yeye."

Dorotea alikuja, akashika.

"Nukta za damu ya mzee ni za zamani. Za waridi aliletewa na Hamduni baada ya wewe kufungua vikopo. Hizi ni njia yake, alipokuwa anatafuta. Tazama. Alianzia kwenye spika. Hapa, transfoma. Hapa, valvu kubwa. Hapa, tazama alivyotetemeka. Anarudi nyuma hatua kwa hatua, kiungo kwa kiungo. Sasa fuata mwanga." Kidole chake kilisogea. "Chumba cha pili."

Juu ya kifundo cha uzi, juu kabisa ya nta, palikuwa na nukta ya waridi, ambayo kule Bunda macho ya Debora yaliipita yakifuata uzi.

Dorotea aliisogeza kurunzi karibu zaidi.

"Na chumba cha kwanza," Debora alisema. Kifundo cha pili nacho kilikuwa na nukta yake. "Baada ya hapa hakuna ya waridi tena. Tundu la kuchomekea gitaa lina za zamani tu. Hakuacha kwa sababu ameshindwa, mama. Aliacha kwa sababu ameipata."

"Aliona?"

"Aliona uzi. Angekosa kukijua kifundo chako? Kimo kwenye kila transfoma aliyosuka. Alijua ni nani, na nadhani alijua na sababu. Risasi ilikuwepo, pasi ya kuchomelea ilikuwepo. Angeweza kurudisha siku ile ile. Badala yake alitia nukta."

Dorotea aliijua vizuri kuliko wote maana ya nukta. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia vile vifundo, akavigusa kwa ncha ya kidole, kimoja, kisha kingine. Kurunzi ilimponyoka ikabingirika hadi miguuni kwa Benjamini.

"Mzee huyu," alisema. "Anakunywa chai yangu, ananiangalia, kumbe anajua." Ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

*

Jumamosi baada ya misa watu walijaa uwanjani, mbele ya baraza. Hamduni alifika kutoka Bunda amevaa kanzu safi. Benjamini alimwona akitafuta pa kukaa, akainuka, akambebea kiti mwenyewe mpaka mstari wa mbele.

"Leo mimi si mwizi?" Hamduni alimnong'oneza.

"Nisamehe, mzee. Hakukuwa na mwizi."

Usiku uliopita Debora alikuwa amemuuliza mama yake kama arudishe miguu ya kapasita mahali pake. Pasi ilikuwa tayari imepata moto. Dorotea alifikiri, kisha akasema, "Alishaikagua." Debora akaichomoa pasi.

Werema alikaa barazani na gitaa la marehemu, akachomeka, akapiga. Sauti ilitoka ndogo na safi. Waliokuwa nyuma walitazamana.

"Bado mbovu?" mmoja aliuliza.

"Si mbovu," Benjamini alijibu bila kugeuka. "Ndivyo alivyoiacha."

Werema alianza upya, polepole. Waliokuwa nyuma wakaanza kubeba viti vyao, wakasogea, na waliokosa viti wakaketi chini karibu na ngazi. Waliokuwa wakizungumza wakanyamaza, kwa kuwa wasingenyamaza wasingesikia. Nje ya uzio wapita njia walikwenda zao, hawakujua kama kuna mtu anapiga gitaa.

Dorotea alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu kabisa, pale alipokuwa akimwekea mumewe chai, sikio lake likiwa karibu na spika. Uwanja ulikuwa umejaa, na muziki ulimtosha kila aliyekuwa ndani ya minyaa.